SSD, NVMe au diski ngumu: kuchagua diski za kompyuta ya nyumbani kwa umeme wa Lubumbashi

Ukiingia duka la kompyuta hapa Lubumbashi ukasema unataka mashine ya nyumbani, muuzaji hana haja ya kufikiri: chukua SSD, ina mwendo. Ni kweli ina mwendo. Ila mwendo ndilo jambo jepesi kuliko yote katika uchaguzi huu, na ndilo linalokula pesa nyingi bila sababu. Mtu anayekaa Katuba au Ruashi, ambako umeme wa SNEL unaweza kuondoka katikati ya sentensi na kurudi kwa kishindo usiku wa manane, ana maswali mawili mazito zaidi. Diski hii inafanyaje umeme ukikatika ghafla? Na siku ikifa, picha za nyumba zinaenda nayo?

Aina zinazopatikana mjini ni nne. Kuna diski ngumu kubwa ya inchi 3.5, ile inayokaa ndani ya kompyuta ya mezani. Kuna diski ngumu ndogo ya inchi 2.5, ambayo siku hizi huuzwa zaidi ikiwa kwenye kasha la nje lenye waya wa USB. Kuna SSD ya SATA, yenye umbo la diski ndogo na inayounganishwa kwa waya uleule wa SATA wa diski ngumu za ndani, lakini ndani ni chipu peke yake, hakuna kinachozunguka. Halafu kuna NVMe, kipande chembamba kinachochomekwa moja kwa moja kwenye bodi ya kompyuta.

Msimamo wangu nauweka mbele ili usome ukijua ninakoelekea. Mfumo wa kompyuta ukae kwenye SSD ya kawaida, isiyo ya fahari. Mafaili ya nyumba yakae kwenye diski ngumu. Na diski ngumu nyingine, ya nje, ikae kabatini ikiwa imechomolewa. Pesa unayookoa kwa kuikataa NVMe ya bei kali ndiyo inayonunua hiyo ya kabatini.

| | Diski ngumu 3.5 | Diski ngumu ya nje 2.5 | SSD ya SATA | SSD ya NVMe |
|---|---|---|---|---|
| Kusoma faili kubwa, kwa sekunde | mega 150 hadi 250 | mega 100 hadi 140 | mega 500 hadi 550 | mega 2,000 hadi 7,000 |
| Kusoma giga 100 | dakika 7 hadi 11 | dakika 12 hadi 17 | dakika 3 na kidogo | chini ya dakika 1 |
| Umeme ikiwa kazini | wati 5 hadi 8 | wati 2 hivi | wati 2 hadi 3 | wati 3 hadi 8 |
| Ikigongwa inapofanya kazi | hatari kubwa | hatari kubwa | haijali | haijali |
| Bei kwa kila tera | ya chini kabisa | ya chini | ya kati | ya kati hadi juu |

Mstari wa giga 100 usikulevye. Kunakili huenda kwa mwendo wa chombo kilicho polepole. Ukiwa unatoa giga 100 za filamu kwenye kle (flash) ya zamani ya USB 2.0, inayotoa mega 35 hivi kwa sekunde, utasubiri karibu dakika 48 hata kama upande wa pili kuna NVMe ya bei ya pikipiki.

Mwendo unaousikia na mwendo wa kwenye kasha

Ndani ya diski ngumu kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachopaa juu yake kutafuta data. Kwa mizunguko 7,200, mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8.3. Kwa wastani unasubiri nusu ya hapo. Ongeza muda wa kichwa kusogea hadi mahali panapotakiwa, na kila kipande kidogo cha data kinagharimu zaidi ya milisekunde 10. Maana yake ni vipande themanini hivi kwa sekunde, basi. Kwa filamu moja ndefu si tatizo, kwa sababu filamu imelala mfululizo na kichwa hakirukiruki. Lakini Windows inapowaka hufungua maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika kila upande.

Ndiyo sababu kompyuta iliyowekewa Windows 10 au 11 kwenye diski ngumu inachosha vile. Fungua orodha ya kazi za mfumo kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, kisha tazama safu ya diski: imekwama kwenye asilimia 100, na ukisoma kiasi kinachosomwa kweli, ni mega 1 au 2 kwa sekunde. Kichwa kinakimbia huku na huku bila kuleta kitu. SSD haina kichwa wala sahani. Inatoa maelfu mengi ya vipande vidogo kwa sekunde. Ukiitoa diski ngumu kwenye mashine ya miaka kumi na kuweka SSD ya SATA, wenye nyumba watadhani umenunua kompyuta nyingine.

Kuruka kutoka SATA kwenda NVMe ni hadithi tofauti. Kwa namba zilizoandikwa kwenye kasha la dukani, tofauti ni ya mara sita au kumi na mbili. Mezani, kwa mtu anayeandika, anayetazama filamu na kufungua kurasa za intaneti, tofauti ni sekunde chache wakati wa kuwasha, kisha unasahau. Anayeifaidi NVMe kweli ni yule anayekata video za harusi za 4K, anayehamisha mafaili ya makumi ya giga kila siku kati ya diski mbili zenye mwendo.

Lakini nisiseme uongo: NVMe ya chini, ile ya kizazi cha zamani cha PCIe 3.0 (PCIe ndiyo njia inayoiunganisha na bodi), mara nyingi inauzwa bei moja na SATA au karibu yake. Kama bodi yako ina nafasi yake, ichukue, huna cha kupoteza. Ninachokikataa ni kulipia ile namba 7,000. Na tangu mwisho wa 2025 bei za chipu za kumbukumbu zimepanda dunia nzima kwa sababu vituo vya akili bandia vinazinunua kwa wingi, kwa hiyo kila giga ya fahari inauma zaidi kuliko zamani.

Umeme

Hapa ndipo Lubumbashi inapoachana na ushauri unaousoma kwenye majarida ya Ulaya. Umeme wetu unatoka kwenye mabwawa ya Katanga kama Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke, na mwingine unakuja toka Inga kwa laini ya kilomita zipatazo 1,700 hadi Kolwezi. Migodi inakula sehemu kubwa. Mtaa unapata kilichobaki, na delestaje, yaani kukatwa umeme kwa zamu, haipigi hodi.

Diski ngumu ya kisasa ina akili moja ambayo watu wengi hawaijui. Umeme ukikatika, sahani bado zinazunguka kwa nguvu zilizobaki, na mota inageuka kuwa dinamo kwa muda mfupi: inazalisha umeme wa kutosha kukirudisha kichwa mahali pake pa kupumzikia kabla ya sahani kusimama. Kwa hiyo si kweli kwamba kila umeme ukikatika kichwa kinakwaruza sahani. Lakini kurudi huko kwa haraka ni kugumu kuliko kurudi kwa kawaida, na mtengenezaji anakuhesabia kwa idadi. Mtaa unaokatiwa mara kadhaa kwa siku unaila hesabu hiyo haraka zaidi.

SSD haina kinachoweza kukwaruzwa, lakini ina udhaifu wake. Ndani yake kuna ramani inayosema kila kipande cha data kimelala kwenye chipu gani, na ramani hiyo inaandikwa upya muda wote. Umeme ukiondoka katikati ya kuiandika, mara nyingi diski inajirekebisha ikiwaka tena. Mara chache haijirekebishi: asubuhi kompyuta inasema hakuna diski kabisa. SSD zinazotengenezwa kwa ajili ya seva za makampuni zina kapasita ndani yake zinazotunza umeme wa kutosha kumalizia kazi iliyoanza. SSD nyingi za nyumbani hazina. Kuna jambo la kuchekesha kwa uchungu hapa: kapasita hizo mara nyingi ni za tantali, madini yanayotoka kwenye koltani, na sehemu kubwa ya koltani ya dunia inachimbwa Kongo, hasa Kivu. Na tabaka la sumaku kwenye sahani za diski ngumu ni aloi yenye kobalti, nyingi ikitoka hapa kwetu na Kolwezi. Tunauza mawe, tunanunua diski, kisha tunakosa umeme wa kuziwasha.

Turudi mezani. Kukatika kwa umeme si kubaya kama kurudi kwake. Umeme unaporudi unaweza kuja juu ya kiwango, ukashuka, ukapanda tena, yote ndani ya sekunde chache, na hapo bodi ya diski inaweza kuungua, iwe ngumu au SSD. Tabia ya kuchomoa waya kwenye prizi mara umeme unapoondoka, na kusubiri dakika kadhaa baada ya kurudi, inalinda diski kuliko chapa yoyote utakayoinunua. Novemba hadi Aprili, ngurumo zikianza, chomoa hata kama umeme upo.

Onduleri, lile sanduku la betri linaloishikilia kompyuta kwa dakika chache, linafaa kuhesabiwa kama sehemu ya bei ya diski. Halihitaji kuwa kubwa. Kazi yake ni kukupa muda wa kuhifadhi na kuzima vizuri. Kwa hesabu yangu, SSD ya kawaida pamoja na onduleri ni ununuzi bora kuliko NVMe ghali iliyochomekwa moja kwa moja ukutani. Wenye kutumia paneli za jua na betri watazame pia safu ya wati kwenye jedwali: diski ngumu ya 3.5 inapoanza kuzunguka inavuta zaidi ya wati 20 kwa sekunde chache, na kigeuza umeme kidogo kinaweza kulalamika.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho wauzaji hawakisemi. Diski nyingi za nje zinakuja zikiwa zimepangwa kwa exFAT, mtindo mmojawapo wa kupanga mafaili kwenye diski, ili zisomeke kwenye Windows, Mac na hata televisheni. exFAT haina daftari la kumbukumbu za mabadiliko. Umeme ukikatika wakati wa kunakili, orodha yote ya mafaili inaweza kuvurugika, hata ya picha ambazo hukuzigusa. NTFS ya Windows inalo daftari hilo, na baada ya ajali inajua ilipofikia. Kama nyumba yako haina Mac, ipange diski ya nje upya kwa NTFS siku ya kwanza, kabla hujaweka chochote ndani.

Namna zinavyokufa

Diski ngumu hufa kwa kelele, mara nyingi. Inaanza kuwa nzito kufungua folda moja, halafu inapiga tik tik tik, halafu faili moja linakataa kunakiliwa. Mwenye masikio anapata siku au wiki za kuokoa vitu vyake. Na hata ikifa kabisa, data bado imelala kwenye sahani. Fundi mwenye vifaa sahihi na chumba kisafi anaweza kuitoa, ingawa bei yake ni ya kukaa chini kwanza na vifaa vya aina hiyo haviko kila mji.

SSD hufa kimya. Jioni inafanya kazi, asubuhi haionekani. Zaidi ya hapo, ukifuta faili kwa bahati mbaya kwenye SSD ya ndani, mfumo unatuma amri iitwayo TRIM inayoiambia diski kwamba nafasi hiyo haina mwenyewe tena, na diski inaisafisha wakati wake. Zile programu za kurudisha mafaili yaliyofutwa, ambazo kwenye diski ngumu zinafanya maajabu, kwenye SSD mara nyingi zinarudi mikono mitupu.

Kuna tofauti ya tatu, nayo inaamua ni ipi ikae kabatini. SSD inatunza data kwa chaji ya umeme ndani ya seli zake, na chaji inavuja polepole diski ikiwa imechomolewa. Kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya chipu, kwa SSD za watumiaji wa kawaida kinataka diski iliyokwisha kutumika hadi mwisho wa uhai wake itunze data mwaka 1 bila umeme, kwenye nyuzi 30. SSD changa inatunza muda mrefu zaidi ya hapo, sina wasiwasi nayo. Lakini kwa picha za ubatizo unazotaka kuziona mwaka 2040, sumaku ya diski ngumu ni mtunzaji mwaminifu zaidi.

Kuhusu ipi inakufa mapema, kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayotunza data za watu, inatoa takwimu za diski zake ngumu tangu 2013, na kwa mwaka 2024 ilihesabu kwamba asilimia 1.57 ziliharibika ndani ya mwaka. Ni kidogo. Ila diski hizo zinaishi kwenye ukumbi wenye baridi, hazizimwi ovyo na hazibebwi kwenye mkoba wa pikipiki. Usihamishie asilimia hiyo mtaani kwetu Kamalondo.

Ukubwa gani?

Diski ya tera 1 itaonekana giga 931 kwenye Windows, ya giga 500 itaonekana 465, ya tera 2 itaonekana tera 1.81. Hakuna aliyekuibia. Kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024.

Mfumo wenyewe Windows 11 unadai giga 64 kama kima cha chini, na ukiongeza programu za kawaida na masasisho yake, SSD ya giga 240 inatosha bila raha. Giga 500 ndiyo ninayoipenda. SSD iliyojaa hadi shingoni inapungua mwendo na kuchakaa haraka, kwa hiyo ile nafasi tupu si hasara.

Mafaili ndiyo yanayokua. Simu ya kawaida ikirekodi video ya 1080p inatumia mega 60 hadi 130 kwa dakika, kulingana na namna inavyobana. Saa moja ya kwaya kanisani ni giga 4 hadi 8. Kwa 4K, saa hiyo hiyo ni giga 10 hadi 21. Familia inayorekodi harusi, matanga na sikukuu za watoto itajaza giga 500 bila kujisikia, na hapo hujaweka filamu hata moja. Kwa hiyo tera 2 za diski ngumu si anasa.

Maandishi madogo

Kwenye SSD tafuta herufi TLC au QLC. TLC inaweka biti 3 kwenye kila seli, QLC inaweka 4. QLC ina bei rahisi zaidi, lakini ukiinakilia faili kubwa sana, sehemu yake ya haraka inajaa, na mwendo unaweza kuporomoka chini ya ule wa diski ngumu. Pia inavumilia kuandikwa mara chache zaidi. Uvumilivu huo unaandikwa kama TBW, yaani tera ngapi unaweza kuandika katika uhai wake: Samsung 870 EVO ya tera 1, ambayo ni TLC, inapewa 600, na 870 QVO ya ukubwa uleule, ambayo ni QLC, inapewa 360. Kwa nyumba inayoandika giga 20 kwa siku, hata 360 ni miaka karibu hamsini. Kwa hiyo wanaokutisha kwamba SSD inaisha haraka wanakutisha bure. Sababu ya kuchagua TLC ni mwendo usioporomoka, si hofu ya kuisha.

Kama kasha halisemi chochote, na chapa hujawahi kuisikia popote, dhania ni QLC na ulipe bei ya QLC.

Kwenye diski ngumu, herufi ni CMR au SMR. CMR inaweka mistari ya data kando kando bila kulaliana. SMR inapanda mistari ya data ikilaliana kama vigae vya paa, ili nyingi ziingie. Kubadilisha mstari mmoja kunalazimu kuandika upya na jirani zake. Karibu diski zote za nje za 2.5 za ukubwa mkubwa ziko hivyo. Kwa kutunzia picha haina ubaya. Kwa kuweka mfumo ni mateso.

Ya bulaya, na zile za uongo

Wengi wetu hatununui mpya. Kompyuta za ofisi za HP na Dell zinakuja zimetumika, ndizo za bulaya, yaani za Ulaya, na diski zake zinauzwa peke yake kwenye vibanda. Utaambiwa: "Mukubwa, iyi iko ya bulaya, haina shida, utatumika nayo myaka mingi." Inawezekana ni kweli. Usibishane naye, omba ichomekwe.

Uwe na programu ya CrystalDiskInfo kwenye kle yako. Ni ya bure na haihitaji intaneti kuifungua. Inasoma SMART, daftari ambalo diski inajiandikia yenyewe. Anza na saa ilizofanya kazi. Mwaka mzima bila kuzimwa ni saa 8,760, na ofisi ya saa nane kwa siku inafikisha 2,000 hivi. Diski ngumu yenye saa 26,000 imefanya kazi kama miaka 3 mfululizo. Mimi ningeiachia mwenyewe, isipokuwa kwa filamu tu. Kisha tazama mistari ya 05, C5 na C6. Ya kwanza inahesabu sehemu zilizokufa na kubadilishwa, ya pili zinazosubiri hukumu, ya tatu zilizoshindikana kusomeka. Kwenye safu ya thamani ghafi zote zinatakiwa kuwa sifuri. C5 ikiwa hata 8, rudisha diski, punguzo lolote lisikushawishi. Mstari wa C7 ukiwa na namba, usiogope sana: mara nyingi ni waya mbovu wa SATA, si diski.

Daftari hilo nalo linaweza kuchezewa. Mwanzoni mwa 2025 waandishi wa heise, chombo cha habari za teknolojia huko Ujerumani, waliripoti diski za Seagate zilizouzwa kama mpya ilhali zilikwisha kufanya kazi maelfu ya saa. SMART ilikuwa imefutwa, ila rekodi nyingine ya ndani iitwayo FARM ilibaki na hesabu ya kweli. Kama hilo limewapata Wajerumani wenye risiti na mahakama, tazama skrubu kwa jicho lako: alama za bisibisi kwenye matundu ya pembeni ni ushahidi ambao hakuna programu inayoufuta.

Uongo mkubwa zaidi uko kwenye diski ndogo za nje zilizoandikwa tera 8, tera 16, kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Ndani kuna kadi ndogo ya kumbukumbu yenye giga 64 au 128 iliyofundishwa kudanganya. Windows inaonyesha tera 16, mafaili yanaingia bila kulalamika, na ukija kuyafungua yote yaliyozidi nafasi ya kweli ni matupu. Programu ya H2testw inajaza diski na kuisoma tena, na hapo uongo unaanguka. Inachukua saa nyingi, kwa hiyo patana na muuzaji mapema kwamba unarudi kesho, na iandikwe kwenye risiti. Dola zako hatazipokea zikiwa na mpasuko hata wa nywele. Nawe kagua chake.

Kabla ya kununua kipande chembamba

Nafasi ya M.2, ile ya kuchomekea kipande chembamba kwenye bodi, inapokea SATA, au NVMe, au zote, kwani zipo SSD za SATA zenye umbo hilo pia. Soma kitabu cha bodi au andika jina lake kwenye simu ukiwa bado dukani. Namba 2280 ni vipimo tu: milimita 22 kwa 80. Na mashine nyingi za ofisi za kabla ya 2015 haziwezi kuwaka kutoka NVMe hata ukiipachika kwa adapta. Kwa hizo, SATA ya inchi 2.5 inamaliza mjadala.

Vumbi jekundu la Juni hadi Septemba haliingii kwenye SSD. Diski ngumu ya kawaida ina tundu dogo la kupumulia lenye chujio. Usilizibe kwa kibandiko. Mwinuko wetu wa mita 1,200 na kitu haumsumbui mtu, kwani diski hizo kwa kawaida zinaruhusiwa hadi mita 3,000. Joto la Oktoba linaisumbua NVMe zaidi: ikikaribia nyuzi 80 inajipunguzia mwendo yenyewe, na hapo ile 7,000 uliyoilipia imeondoka.

Ningenunua nini

Kwa nyumba yenye kompyuta moja ya mezani, watoto wa shule na mmoja wa chuo kikuu cha UNILU: SSD ya giga 500, TLC, SATA au NVMe ya chini kwa kadiri bodi inavyokubali. Diski ngumu ya 3.5 ya tera 2 ndani. Diski ya nje ya 2.5 ya tera 2, imepangwa NTFS, inachomekwa Jumamosi moja kwa mwezi, mafaili yananakiliwa humo, inachomolewa. Halafu onduleri.

Pesa ikipungua, cha kwanza kukata ni diski ya ndani ya tera 2, si ile ya nje. Mafaili yatabanana kwenye SSD kwa muda, lakini nakala ipo. Watu wengi hukata kinyume, wakibaki na diski kubwa moja yenye kila kitu.

Kwa anayekata video: NVMe ya tera 1 yenye TLC kwa kazi zinazoendelea, na diski ngumu mbili za 3.5 zenye CMR kwa kazi zilizolipwa. Ya pili ikae nyumba nyingine. Ukiwa Bel-Air, iache kwa dada yako wa Katuba. Mwizi na radi havipiti nyumba mbili usiku mmoja.

Kwa mwenye kompyuta ya mapajani peke yake, betri tayari ni onduleri. Abadilishe diski ngumu ya ndani kwa SSD, na ile aliyoitoa asiiuze: kasha la nje la inchi 2.5 lenye USB 3.0 ni bei ndogo, na SMART ikiwa safi, ameshapata ya kabatini.